Kitelezi cha Mzee Nnko

Elihuruma Nnko alikuwa seremala wa Sekei aliyejulikana kwa jambo moja, kupinda mbao. Mafundi wengine mjini Arusha walikata kona kwa msumeno na kuunganisha kwa misumari. Yeye aliuchemsha ubao ndani ya bomba la bati, akautoa ukifuka mvuke, akaubana kwenye kalibu na kuuacha siku tatu. Viti vya wazee wa kanisa katika sharika nne za mlimani vilikuwa na migongo iliyopindwa na mikono yake. Lakini makontena yalipoanza kuingia, watu wakaacha kuagiza viti. Makochi yalitoka Dubai yamefungwa plastiki, vitanda vya mbao za unga ulioshindiliwa vikaja vya kukazwa kwa bisibisi, na bibi harusi aliyeletewa kabati la fundi wa mtaani alijiona ameonewa. Kufikia mwaka 2003 Elihuruma alitengeneza majeneza mengi kuliko viti, na jeneza halina kona ya kupinda.

Soko huria hilohilo lililomnyang'anya kazi upande mmoja ndilo lililomletea kazi upande mwingine. Zamani kampuni za kupandisha wageni mlimani zilihesabika kwa vidole. Sasa kila aliyepata Land Rover kuukuu na chumba kimoja mjini alitundika kibao mlangoni. Wageni wakawa wengi, wapagazi wakawa wengi, na walioumia nao wakawa wengi.

Asubuhi moja ya Februari aliingia karakanani kijana wa Kimachame, Calvin Swai, kiongozi wa mlima aliyekuwa amepanda Meru mara nyingi kuliko alivyoenda kwao.

"Shikamoo, mzee Nnko."

"Marahaba. Karibu. Unataka kitanda au meza?"

"Kitanda. Lakini cha kushukia mlima."

Elihuruma akaweka randa chini. Calvin akamweleza. Mwaka uliopita mpishi wao alivunjika mguu juu ya Rhino Point, njiani kwenda kileleni. Walikuwa na machela ya gurudumu moja, ile inayotumika Kilimanjaro, lakini upande ule wa Meru ni majivu matupu ya volkano, na gurudumu lilizama mpaka kwenye ekseli. Wakambeba mgongoni kwa zamu, kwa muda wa saa kumi na moja, mpaka getini Momella. Mguu ulipona, ila umekuwa mfupi kuliko mwenzake.

"Nataka kitu kisichozama," Calvin akasema. "Kiteleze juu ya majivu, sisi tukishikilie kwa kamba kutoka nyuma."

Ile ilikuwa kazi ya kupinda. Elihuruma hakulala mchana kwa mwezi mzima. Cha kwanza alikitengeneza kwa mbao mbili nzima za mti mgumu wa loliondo, zimepindwa ncha kwa mbele. Kilikuwa kizito kama mlango wa benki, na kilipogonga jiwe siku ya kwanza ya majaribio kikapasuka kufuata nyuzi za mti. Akajifunza. Cha pili akatumia mringaringa, mti mwepesi ambao Wameru wamechongea mizinga ya nyuki tangu babu na babu. Akaupasua vipande vyembamba kama rula, akavipaka gundi nyeupe ya mbao, akavipanga tabaka sita na kuvikandamiza kwenye kalibu kwa jeki ya lori. Chini akakata plastiki ya pipa la bluu, akaikaza kwa skrubu ishirini na nne kila ubao. Juu ya mbao hizo mbili akafunga kitanda cha turubai chenye mikanda.

Akakiita kitelezi.

Kilifanya kazi. Mwaka wa kwanza kiliteremsha watu tisa, mmoja wao mgeni mnene aliyevimba mapafu kwa sababu ya urefu wa mlima na ambaye wapagazi walikiri wasingeweza kumbeba. Kampuni nyingine ndogo zikaja Sekei, moja ya Usa River, mbili za Ngaramtoni, nyingine za mjini. Elihuruma akatengeneza saba kwa jumla, pamoja na cha Calvin. Mkewe, Eunike, akaona mumewe ameanza tena kuimba akiwa anapiga randa, jambo ambalo hakulisikia tangu makontena yaanze kuingia.

Mwezi wa kumi na moja mwaka 2004, Calvin akarudi kutoka safarini akicheka.

"Mzee, umeingia kwenye mtandao. Kuna mgeni wetu alipiga picha za kitelezi, ameziweka huko. Watu wanakujadili."

"Watu gani?"

"Watengenezaji. Mafundi kama wewe."

Elihuruma hakuwahi kukaa mbele ya kompyuta. Alivaa shati la Jumapili. Kafe ya mtandao ilikuwa ya Diana Mushi, mwanamke wa makamo aliyeacha ualimu wa Kiingereza sekondari akakodi chumba karibu na soko la Sekei na kupanga kompyuta tano juu ya madawati. Alimvutia mzee stuli, akafungua ukurasa, na Elihuruma akakiona kitelezi chake kiko kwenye kioo, kimepigwa picha kutoka ubavuni, kizuri kuliko alivyokikumbuka.

"Ni jukwaa la watu wanaotengeneza ski," Diana akasema. "Mbao wanazofunga miguuni huko Ulaya na Marekani wakateleza kwenye theluji. Si viwanda vikubwa, ni watu wadogo wadogo, kila mtu na gereji yake. Maoni ni arobaini na matatu, baba. Niyasome yote?"

"Yote."

La kwanza lilisifu. La pili liliuliza mti gani ule. La tatu lilisema: kazi ya shule ya chekechea. Diana akaendelea. Mmoja alisema hicho si chombo cha uokoaji, ni kitanda kilichokatwa miguu. Mmoja alisema gundi ile ni ya kubandikia madaftari. Mwingine, ambaye jina lake lilikuwa herufi tatu na namba, aliandika mara kumi na mbili peke yake: kwamba skrubu zimepita ndani ya mbao na kila tundu ni mlango wa maji, kwamba majivu asubuhi yana umande na mchana yanakauka, kwa hiyo ubao utavimba na kunywea mpaka uachane, kwamba mti wenyewe ni laini mno, ni kama boga, na kwamba kabla mvua haijaisha kitu hiki kitaua mtu.

Karibu na mwisho kulikuwa na maoni mafupi ya mwanamke aliyesema ametengeneza ski miaka thelathini. Hakusifu wala hakutukana. Aliuliza tu: fundi amewahi kukipasua kimoja baada ya msimu mmoja kuona ndani kukoje? Yeye hupasua ski yake moja kila mwaka.

"Basi?" Elihuruma akauliza.

"Basi."

Masikio yalikuwa yanamchoma. Alikuwa na miaka hamsini na sita, na tangu baba yake alipomkabidhi msumeno hakuna mtu aliyewahi kumwambia kazi yake ni ya chekechea. Hata wale walionunua makochi ya Dubai walisema tu kwamba fundi anachelewa.

"Unaweza kuwajibu?"

"Naweza. Sema, niandike."

Akasema. Alisema yeye amepinda mbao tangu wengi wao hawajazaliwa. Alisema wao wanateleza kwenye maji yaliyoganda na majivu hawayajui. Alisema watu tisa wako hai. Akamalizia: "Waambie waje Meru waone."

Diana aliandika kwa Kiingereza kizuri. Kesho yake Elihuruma alirudi kuona wamesemaje, na keshokutwa, na siku iliyofuata. Ikawa kawaida. Herufi Tatu alijibu kwa dharau, Elihuruma akajibu kwa dharau zaidi, wengine wakamwaga petroli. Mmoja alichora kitelezi kikiwa na jeneza juu yake. Kazi za watu zikalala karakanani. Mchungaji alikuja mara mbili kuulizia mimbari, akakuta mlango umefungwa.

"Baba Agnela," Eunike akamwambia siku moja akimwekea ndizi na maziwa, "hao watu unaogombana nao umewahi kuwaona?"

"Sijawaona."

"Wanakula kwako?"

"Mama Agnela, wananitukana."

"Nimesikia. Nauliza hivi: katika matusi yao hakuna hata neno moja la kweli?"

Elihuruma akavuta bakuli, akala. Alijua liko. Lile swali la mwanamke wa miaka thelathini lilimrudia kila alipokuwa akikaza skrubu. Lakini kupasua kitelezi kizima, kizuri, eti kwa sababu wazungu wamesema, ilikuwa kama kukubali kwamba herufi tatu zile zimemshinda. Hakupasua.

Mvua za masika zilianza mwishoni mwa Machi. Tarehe kumi na nne Aprili, saa tano asubuhi, Calvin aliingia karakanani viganja vyake vimefungwa bandeji. Hakuamkia.

"Kimeachana jana," akasema.

"Nani alikuwemo?" Elihuruma akauliza.

"Ni Saruni, mpagazi wetu, yule wa Ngaramtoni. Goti lilimgeuka kule juu, kitu kidogo tu. Tukasema tusimchoshe, tumlaze kwenye kitelezi. Kona ya pili chini ya Rhino Point, ubao wa kushoto ukafunguka kama kitabu. Ncha ikachimba chini, kikapinduka. Yeye kafungwa mikanda ndani. Kikamburuza kwenye mawe hatua kama ishirini, sisi tumeng'ang'ania kamba."

"Yuko hai?"

"Yuko hai. Mfupa wa bega umevunjika, na mbavu mbili. Sikio limechanika. Nimekuja nikuambie mwenyewe, usije ukasikia kwa watu."

Elihuruma akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza, kisha akasimama hajui aende wapi. Calvin ndiye aliyemshika mkono, wakatoka.

Hospitalini walimkuta Saruni amelala chali, kichwa na bega vimefungwa bandeji, jicho moja limevimba. Alikuwa mwanamume wa Kiarusha wa miaka thelathini na kitu, mrefu, miguu yake imepita mwisho wa kitanda. Calvin akabaki mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Pole sana, mwanangu. Mimi ndiye Nnko. Ndiye niliyekitengeneza."

"Nakujua. Kitu chako nimekipandisha mlimani mgongoni mwangu mara saba." Saruni alivuta pumzi kidogokidogo, kama mtu anayehesabu kila moja. "Mzee, nikuulize. Calvin alituhadithia kambini, kabla ya haya, kwamba kuna watu kwenye kompyuta walisema kitaachana. Tulicheka sana. Kweli walisema?"

Elihuruma alikuwa na mengi ya kujibu. Angeweza kusema kwamba walisema mambo mia na mengi yalikuwa upuuzi, na kwamba hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuyakanyaga majivu ya Meru. Kila neno lingekuwa kweli.

"Walisema," akajibu.

"Na wewe ulisoma?"

"Nilisomewa."

"Ukafanyaje?"

"Niliwajibu waje Meru waone."

Saruni akataka kucheka, mbavu zikamkataza. Akakunja uso mpaka maumivu yalipopita. "Basi mimi ndiye niliyekuja kuona," akasema.

Elihuruma alikaa kwenye kiti cha chuma kando ya kitanda hadi muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha. Hawakuongea tena jambo kubwa. Saruni alimwambia ana maharage shambani ambayo yangekomaa kabla ya bega lake. Elihuruma aliporudi nyumbani alimpa Eunike habari zote, hakuacha swali hata moja wala jibu lake. Eunike hakumwambia "nilikuambia". Ulipofika wakati wa kung'oa maharage alichukua wanawake watatu wa usharika, wakaenda Ngaramtoni, wakayang'oa na mke wa Saruni kwa siku mbili.

Elihuruma alianza kukusanya vitelezi. Vilivyobaki vilikuwa sita. Kampuni za mjini zilimpa bila maneno, habari zilikuwa zimeshawafikia. Mwenye kampuni ya Usa River alibisha.

"Changu hakina tatizo lolote, mzee. Nimekitumia juzi."

"Kile nacho kilitumika juzi," Elihuruma akamjibu.

"Na nikipata mgonjwa kesho?"

"Mbebe mgongoni."

Alivipanga vyote uani, akachagua kilichoonekana kizima kuliko vingine, cha Usa River chenyewe, akakipasua kwa msumeno kuanzia ncha hadi mkia. Kwa nje plastiki ilikuwa safi. Ndani, kuzunguka kila skrubu, ubao ulikuwa mweusi. Maji yalikuwa yameingia kwenye matundu yale, yakatembea kati ya tabaka, na gundi nyeupe ilikuwa imerudi kuwa uji. Alipochomeka kisu, tabaka mbili ziliachana bila nguvu, kama ganda la ndizi iliyoiva. Akapasua cha pili. Hivyohivyo. Cha tatu kilikuwa kibaya zaidi ya vile, na ndicho kilichokuwa karibu kupelekwa mlimani Jumatatu ile.

Alikaa juu ya gogo akitazama vipande. Herufi Tatu na wenzake walikuwa wamesema kweli kuhusu skrubu, na kuhusu gundi, na kuhusu kuvimba na kunywea. Kuhusu mringaringa walikosea. Penye ukavu mti ulikuwa imara, haujapasuka wala kupondeka, na ungeweza kufanya kazi miaka. Elihuruma alijishangaa kuona kwamba jambo hilo halikumfurahisha sana.

Siku iliyofuata alikwenda kwa Diana na vipande vitatu ndani ya gunia. Diana alikuwa na kamera ndogo ya dijitali. Wakapiga picha juu ya dawati la kompyuta, penye mwanga wa dirisha.

"Sasa andika," Elihuruma akasema. "Andika kwamba kitelezi kiliachana tarehe kumi na tatu Aprili. Mtu aliyekuwemo anaitwa Saruni."

"Baba, jina la mtu?"

"Nimemwomba. Ameniambia niandike, na niandike kwamba alipolazwa mle alikuwa na goti bovu tu."

Diana akaandika. Elihuruma akaendelea, akieleza kila tundu na kila tabaka, gundi aliyotumia, kwa nini aliitumia, na kwamba aliambiwa miezi mitano kabla akajibu kwa matusi. Diana akafika mahali akaacha kuchapa.

"Hawa watu watakurarua. Yule wa herufi tatu alikuwa anaisubiri siku hii."

"Anirarue. Umeandika kuhusu mti?"

"Mti?"

"Kwamba mringaringa uko sawa. Hilo walikosea. Liandike pia."

Alimlipa, akaenda zake, na safari hii hakurudi kesho yake. Alirudi baada ya wiki. Yule wa herufi tatu alikuwa ameandika maneno mawili, "Nilisema mapema," na hakuonekana tena kwenye mazungumzo hayo. Wawili walisema fundi huyu ashtakiwe. Mmoja aliuliza mringaringa unapatikana wapi, na wengine wachache waliuliza hali ya Saruni. Yule mwanamke wa miaka thelathini alikuwa ameandika kurasa mbili na michoro minne.

Diana alitafsiri polepole, kalamu mkononi. Mwanamke alianza kwa kusema kwamba mwaka wake wa tatu ski zake ziliachana mguuni mwa shemeji yake, na ndipo alipoanza kupasua. Kisha akaingia kwenye kazi. Gundi iwe ile ya kuchanganya makopo mawili, isiyoogopa maji. Plastiki isikazwe kwa skrubu hata moja, ibandikwe. Lakini plastiki ya aina ile haishiki gundi, kila fundi anajua. Dawa yake ni moto: ikwaruzwe kwa msasa, halafu mwali wa gesi upitishwe juu yake haraka, usiiyeyushe, uibusu tu, na gundi ipakwe papo hapo. Kingo za mbao zizibwe kotekote. Kitanda kifungwe kwa mikanda inayozunguka ubao, bila kuutoboa.

"'Uibusu tu'?" Elihuruma akauliza.

"Ndivyo alivyoandika."

Gundi ya makopo mawili aliipata mtaa wa Unga Limited kwa watu wanaoziba mabodi ya magari. Moto ulimsumbua zaidi. Plastiki ya kwanza ilijikunja kama sikio la mbwa. Ya pili ilifanya malengelenge. Aliharibu pipa zima kabla mkono haujajua mwendo. Ajuaye kuchemsha ubao ana mazoea ya kungoja, na hapa hakukuwa na kungoja, ilikuwa kupita na kwenda. Alibandika vipande vidogo, akavitumbukiza kwenye ndoo ya maji siku kumi, akavianika juani siku kumi, akavigonga kwa nyundo. Vile alivyovipatia vizuri moto wake, ubao ulivunjika kabla plastiki haijabanduka. Kila matokeo aliyapeleka kwa Diana, mabaya kwa mazuri, na mwanamke yule alijibu, nyakati nyingine kwa mstari mmoja: moto mwingi, gundi kidogo, hapo sasa.

Wengine hawakusubiri. Kampuni mbili za mjini ziliagiza machela za alumini kutoka nje, na mmoja wa wenye kampuni hizo hakumsalimia tena Elihuruma walipokutana kanisani. Saruni alitoka hospitalini, akakaa kwao miezi minne, na mkono wake wa kushoto haukuinuka tena kupita bega. Upagazi uliishia hapo. Akapata kazi ya ulinzi katika shamba la maua Usa River. Elihuruma alimtengenezea mlango na madirisha ya nyumba aliyokuwa akijenga, akayapachika mwenyewe. Saruni alimshukuru kwa adabu, akamkaribisha chai. Kwamba amemsamehe hakusema, na Elihuruma hakumuuliza.

Septemba, kitelezi kipya kilikuwa tayari. Calvin alikuja kukitazama. Alikipindua, akapitisha kidole kwenye kingo akitafuta skrubu, hakuiona.

"Tutajaza mifuko ya mchanga," akasema. "Kilo themanini. Tukiteremshe mara tano."

"Mchanga hausemi umeumia wapi," Elihuruma akajibu. "Nitalala mimi."

"Mzee, Rhino Point ni mita karibu elfu nne. Umewahi kupanda?"

"Nimezaliwa chini yake."

"Sikuuliza hivyo."

Hakuwahi. Eunike alimfungashia soksi za sufu na biskuti, akamwambia neno moja tu la Kimeru ambalo maana yake ni nenda taratibu. Walipanda kwa siku mbili, Calvin, wapagazi wanne na askari wa hifadhi mwenye bunduki ya kufukuzia nyati, mtu mnene mwenye maneno machache. Siku ya kwanza magoti yalimuuma Elihuruma; ya pili kikamuuma kichwa. Asubuhi ya tatu, jua likiwa limeshatoka vizuri, alisimama pale juu akaona kwa mara ya kwanza mahali kazi yake ilipokuwa inafanyika. Mteremko ulikuwa wa kijivu, mkali kuliko alivyouwaza, na mawe yametoka humo kama meno. Akamwomba Calvin amwonyeshe kona ya pili. Calvin akamwonyesha. Akaitazama kwa muda, kisha akalala kwenye turubai, wakamfunga mikanda.

"Nikipiga kelele msisimame," akasema. "Simameni kikipiga kelele chenyewe."

Wakakiachia. Majivu yalifanya sauti ya nafaka inayomwagwa. Aliona anga tu na uso wa Calvin uliokunjamana juu yake, kamba imepita begani. Kila jiwe lilipita chini ya mgongo wake akalijua ukubwa wake. Akaogopa, akaogopa kwelikweli, mikono imekaza turubai, na wakati huohuo masikio yake yalikuwa yanasikiliza mbao, wa kushoto, wa kulia, wa kushoto. Kwenye kona ya pili ncha iligonga mwamba. Ubao ukajipinda, ukarudi. Hakikupinduka. Walipofika chini kwenye vichaka wakamfungua, naye akainuka.

Kisha akakipindua, akavaa miwani, akakagua kingo zote mbili kwa ukucha. Palipogonga mwamba plastiki ilikuwa imechubuka kiasi cha shilingi. Haikuwa imebanduka.

"Kipo sawa," Calvin akasema.

"Mara moja si kitu. Tukipandishe tena."

Wapagazi walitazamana, wakakiinua. Askari wa hifadhi alikuwa amekaa juu ya jiwe, bunduki mapajani, anakula yai. Elihuruma akamgeukia.

"Ndugu yangu, wewe una kilo ngapi?"

"Mia na tatu," askari akasema, akaacha kutafuna.

"Safari hii lala wewe," Elihuruma akamwambia. "Bunduki tutakushikia."